Kima cha Chini cha Mshahara: Je, Mchoro wa Mahitaji na Ugavi Unatosha?

Mwanafunzi wa sekondari anayeanza somo la uchumi hukutana mapema na mistari miwili inayokatana: ule wa mahitaji, unaoshuka kadiri bei inavyopanda, na ule wa ugavi, unaopanda pamoja na bei. Mwanauchumi Alfred Marshall, aliyeueneza mchoro huo kupitia kitabu chake cha mwaka 1890, alilinganisha nguvu hizo mbili na makali ya mkasi, kwa kuwa hakuna awezaye kusema ni kali lipi lililokata karatasi. Naamini mchoro huo unastahili kufundishwa, ila haufai kuachwa peke yake, na kima cha chini cha mshahara ndicho kinachoonyesha vizuri zaidi kwa nini.

Katika mchoro, mshahara ni bei ya kazi. Sheria ikiuweka juu ya pale mistari inapokutana, waajiri hutaka wafanyakazi wachache huku wanaotafuta kazi wakiongezeka, na pengo linalobaki ndilo ukosefu wa ajira. Hoja hii si dhaifu, kwani humzoesha kijana kuuliza ni nani atakayebeba gharama ya uamuzi uliofanywa kwa nia njema.

Takwimu, hata hivyo, hazikuitii kila mara. Mwezi Aprili 1992 jimbo la New Jersey nchini Marekani lilipandisha kima chake kutoka dola 4.25 hadi dola 5.05 kwa saa, ilhali jirani yake Pennsylvania halikubadilisha kitu. Wanauchumi David Card na Alan Krueger walifuatilia migahawa 410 ya vyakula vya haraka pande zote mbili za mpaka, na katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 1994 hawakuona ajira ikipungua New Jersey. Wenzao David Neumark na William Wascher walipotumia kumbukumbu za malipo ya mishahara walifikia hitimisho tofauti, na ubishi huo haujaisha.

Maelezo mojawapo ya kwa nini ajira inaweza isipungue yalikwisha kutolewa na mwanauchumi Joan Robinson mwaka 1933. Mwajiri asiye na mshindani hujua kwamba ili ampate mfanyakazi mmoja zaidi lazima apandishe mshahara, na nyongeza hiyo itambidi awape pia wale alionao tayari. Kwa hiyo huona afadhali aajiri wachache na kuwalipa kidogo. Sheria ikiwawekea wote mshahara mmoja ulio juu kiasi, sababu ya kujizuia huondoka, na anaweza hata kuongeza watu, mradi kima hicho kisizidi thamani ya kile wanachozalisha. Mchoro wa kwanza haukukosea hesabu. Ulidhania tu kwamba waajiri ni wengi na wanashindana.

Wapo walimu wanaosema kwamba kuleta mambo haya mapema humchanganya mwanafunzi ambaye bado hajaimudu kanuni yenyewe. Nawaelewa, na kuhusu mpangilio wa masomo wako sahihi. Lakini sharti la ushindani ni sentensi moja tu, na asiyelisikia siku ya kwanza huondoka akidhani kwamba amefundishwa sheria ya maumbile. Swali la mtihani linalomtaka aeleze athari za kima cha chini lingemtendea haki zaidi kama lingemweleza kwanza waajiri katika soko hilo ni wangapi.