Kichwa kizito ni kisingizio

Nikimsikia mtu wa miaka 45 akisema "mie kichwa changu kishakuwa kizito, waachieni watoto," humjibu kwa ukali uliozidi kidogo kuliko adabu inavyotaka. Hapa Unguja maneno haya yamekuwa ruhusa ya kustaafu kufikiri. Mtu yumo katika nguvu zake, madeni ya duka zima anayo kichwani bila ya daftari, lakini mwekee hoja ya hatua tatu, atakwambia ubongo wa mtu mzima haufundishiki. Nani kamwambia?

Mwaka 2012 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Allyson Mackey, Kirstie Whitaker na Silvia Bunge, walichapisha utafiti wa vijana 24 waliokuwa wakijiandaa kwa LSAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya sheria Marekani. Mtihani wenyewe ulikuwa hauulizi sheria hata moja. Uliuliza mambo kama haya: Juma hakai karibu na Ali, Mwajuma lazima amtangulie Ali, je, nani anaweza kukaa kiti cha tatu? Masomo yalikuwa ya saa 100 ndani ya miezi mitatu, na saa 70 kati ya hizo zilikuwa za kufikiri kwa hoja tu. Kabla ya kozi na baada yake walipigwa picha za MRI za aina inayofuata mwendo wa maji kandokando ya nyuzi za neva, kisha wakalinganishwa na wenzao 23 wa umri na akili kama zao ambao hawakuisoma kozi ile. Kwa waliosoma, nyuzi zinazounganisha sehemu za mbele za ubongo, kulia na kushoto, na zile zinazounganisha mbele na utosini, zilikuwa zimebadilika.

Najua utasema: hao ni vijana wa chuo. Ni kweli, na vijana 24 si wengi. Lakini mwaka 2008 watafiti wa Ujerumani waliwafundisha watu wa miaka 60 hivi kurusha mipira mitatu hewani na kuidaka kwa zamu, na ubongo wao pia ulionyesha mabadiliko. Huko huko Ujerumani, mwaka 2004, utafiti kama huo kwa vijana ulikuwa umeonyesha jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia: walipoacha mazoezi, kilichoongezeka ubongoni kikaanza kupungua.

Kwetu mazoezi ya namna hii yapo zamani, ila tumeyapa jina la dini peke yake tukasahau kwamba ni mazoezi ya akili pia. Nazungumzia darsa ya mirathi, baina ya magharibi na isha. Maalim anaandika ubaoni: mwanamke kafa, kaacha mume na dada wawili wa baba mmoja mama mmoja. Gawa. Mume ana nusu, kwa kuwa marehemu hana mtoto. Dada wawili wana thuluthi mbili. Hapo wazee wanaandika kwa haraka, kisha kalamu zinasita, maana nusu na thuluthi mbili ukizijumlisha zinapita mali yenyewe. Kwa mafungu sita, mume anataka matatu na dada wanataka manne. Matatu na manne ni saba. Sasa? Mmoja anataka kumpunguzia mume, mwengine anasema dada wasubiri, na kila mmoja anaulizwa: kwa dalili gani? Jibu ni aul: shina linapandishwa kutoka sita hadi saba, mume anachukua matatu katika saba, kila dada mawili, na upungufu unawagusa wote kwa kadiri ya haki zao. Muuza samaki aliyefika pale kwa miguu yake mwenyewe, kalamu ikamtulia mkononi akitafuta njia, kafanya kazi ile ile waliyoifanya wale vijana wa Berkeley.

Bao je? Nalipenda, na fundi wa bao anayeona kete zitakapolala kabla hajazisambaza ana akili ya kutisha. Ila ufundi huo aghalabu hubaki kwenye bao. Watafiti wamelirudia sana hili: unachozoeza ndicho kinachokua, na kuhamia kwengine ni kwa shida. Mwaka 2016 kampuni ya Lumosity ya Marekani, iliyouza michezo ya kunoa ubongo, ilikubali kulipa dola milioni 2 kwa kuwaahidi wateja makubwa isiyoweza kuyathibitisha. Kwa hiyo simwambii mtu kwamba akijua aul atakuwa bingwa wa kila kitu. Namwambia kwamba mirathi inamlazimisha aseme sababu kwa sauti, mbele ya mwenzake ambaye yuko tayari kumkamata, na hilo kwenye bao halipo. Barazani ndiyo kabisa: huko anayeshinda ni mwenye koo.

Ningependa darsa hizi zisiwe za wanaume wenye ndevu nyeupe tu. Mjane anayeambiwa "thumni yako hii hapa" ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya kujua imepatikanaje na kama imekamilika. Vyumba vya skuli vinalala vitupu kila jioni, Unguja na Pemba, na meza hazidai kodi. Tena mada isiwe mirathi pekee. Mkataba wa mkopo una masharti ya "ikiwa" na "isipokuwa" yanayotosha masomo ya mwezi mzima.

Na walimu wajifunze kunyamaza. Wetu ana ugonjwa huo: darasa likikaa kimya kidogo tu, anachukua chaki anaandika jibu mwenyewe, na wazee wanalinakili kwa furaha.