Kijiji Kizima Kinakula Daku

Nilikuwa karani wa data kwenye utafiti wa kisukari, Chamwino. Fomu zinakuja kutoka vijijini na vumbi lake jekundu, unazikung'uta, unaingiza tarakimu kwenye kompyuta. Kila fomu inaingizwa mara mbili: mimi naingiza, halafu mwenzangu anaingiza bila kuona nilichoandika, kisha programu inalinganisha. Mkitofautiana, inawaka nyekundu.

Kwetu haikuwaka hata siku moja. Tukajipongeza kwa mbuzi choma, tena kwa mkopo.

Wiki iliyofuata ikaja barua pepe ya mtakwimu aliyeko Uingereza. Mtu mpole. Aliuliza mawili tu: mbona washiriki wetu wanakula mlo wa mwisho saa 8 usiku, na mbona nesi anawatoa damu saa 9 usiku? Kipimo hicho kinataka mtu akae angalau masaa 8 bila kula. Hawa wamekaa lisaa limoja.

Msimamizi akaniita.

"Ramadhani iliisha lini?"

"Zamani, bosi."

"Sasa hawa wanaokula daku ni kina nani? Nusu yao Waanglikana!"

Tukafukua fomu. Vijumba vinne vya saa, na mwandiko safi wa nesi: kala 02:00, katolewa damu 03:00. Bibi kasema alikula ugali na mlenda saa 2, nesi kaandika 2. Kompyuta inahesabu kizungu. Na sisi makarani wawili, Waswahili watupu, tuliona sawa. Mara mbili.

Nesi alipopigiwa simu aliwaka. "Saa 9 usiku anayezunguka kijijini ni fisi au mchawi. Mimi mmeniandika yupi?"

Nikashauri tubadilishe zote kwa mpigo. Haiwezekani, maana fomu chache zilijazwa na kijana wa chuo aliyezoea saa ya simu. 06:30 yake ni ipi? Hubahatishi: unauliza, unapiga mstari mmoja ili ya zamani isomeke, unasaini, unaweka tarehe. (Ule wino mweupe wa kufutia niliuficha mfukoni.)

Kijana naye alishaacha kazi, simu haipatikani. Nikapanda bodaboda hadi kwa bibi mmoja, nikamkuta anapeta uwele.

"Shikamoo bibi. Siku ile ya kutolewa damu, usiku wake ulikula saa ngapi?"

"Marahaba. Siku ipi?"

"Miezi miwili iliyopita."

Akapeta ungo mzima kwanza.

"Mjukuu wangu, kompyuta yenu imesahau, mimi ndiye nikumbuke?"