Mhandisi wa programu kati ya Tengeru na mjini

Siku niliyomwambia bosi wangu wa zamani hapa Arusha kwamba nataka kusoma shahada ya pili katika chuo cha Nelson Mandela, kule Tengeru, bila kuacha kazi, alinijibu kwa methali: mshika mbili moja humponyoka. Hakuwa anakosea sana. Wateja wetu wengi ni kampuni za safari. Wanataka mgeni aweze kulipia Serengeti mtandaoni kabla msimu wa Juni haujaanza, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza nimesoma makala gani ya utafiti.

Lakini chukua nyanya. Kanitangaze, kiwavi anayejichimbia ndani ya jani mpaka likawa kama limeungua, aliripotiwa nchini mwaka 2014, huku huku Arusha. Watafiti wa Nelson Mandela wamefundisha kompyuta kutambua uharibifu wake kwa picha, na makala wamechapisha. Hiyo ni kazi ambayo kampuni ya tovuti kama yetu isingeigusa kamwe. Hakuna mteja anayekulipa uanze kitu kama hicho kutoka sifuri.

Tatizo ni umbali wa maabara na shamba. Mwaka 2016 ulitoka utafiti maarufu wa magonjwa ya mimea, uliotumia picha 54,306 za majani. Modeli, yaani programu iliyofundishwa kwa picha hizo, ilipatia kwa asilimia 99.35. Ilipopewa picha zilizopigwa katika mazingira mengine, ikaporomoka hadi asilimia 31 na kidogo. Picha za kufundishia zilikuwa za jani moja moja, lililochumwa na kulazwa mahali pasafi. Jani la shambani lina vumbi, lina majirani, na upepo haulisubiri utulize mkono.

Niliyaona hayo kwa macho yangu. Nilipeleka programu yangu ya majaribio kwa mama mmoja mkulima. Vidole vyake vilikuwa vimeganda utomvu wa kijani wa nyanya, na kila alipoishika simu alipaka kioo cha kamera. Programu ikasema jani ni zima. Mama akacheka: “Mwanangu, hiyo simu imepiga kivuli changu.”

Ndiyo maana siwaungi mkono wale wanaosema chagua upande, utafiti au kampuni. Mtafiti hupandishwa cheo kwa makala, kampuni huishi kwa mteja anayelipa, na kivuli cha yule mama hakimo kwenye hesabu ya yeyote. Ila mhandisi anayekibeba ajue anakibeba kwa mfuko wake: usiku, wikiendi, bando lake mwenyewe.

Nilichoongeza baadaye ni mistari michache ya msimbo: picha ikiwa na giza au ukungu, simu haitoi jibu, inasema “Futa kamera, piga tena.” Si uvumbuzi, na hakuna jarida litakalouchapisha. Nilimwonyesha bosi. Akaitazama, akaisifu, kisha akaniuliza invoisi tumpelekee nani.