Mlima wa Kwetu Haumo Kwenye Katalogi

Januari kwa watu wenye akili timamu ni mwezi wa ada za shule na madeni ya Krismasi. Kwetu sisi tuliorogwa na treni ndogo, zile za mfano za kuendeshwa mezani, ni mwezi wa matangazo. Hornby, watengenezaji wa treni hizo, wanapofunua vichwa vyao vya treni vya mwaka, klabu yetu hapa Manchester haikaliki. Wazee wenye sukari na magoti ya bandia wanakodolea simu kama vijana wa kidato cha nne siku ya matokeo. Mmoja aliwahi kunipigia saa kumi na mbili kasoro alfajiri, nikakurupuka nikidhani kuna msiba. Kumbe kimetangazwa kichwa cha dizeli ambacho taa ya chumba cha dereva inawaka na kuzimika kwa rimoti.

Siwacheki sana, maana na mimi ni wale wale. Mke wangu anaviita vichwa vyangu "makopo", na kila kifurushi kikifika anauliza kama kopo hili nalo linakula umeme.

Sasa, Alhamisi iliyopita tulikuwa ukumbini tunakunywa chai, kila mtu anataja kichwa kipya atakachoagiza. Zamu yangu ilipofika nikasema ninachokisema kila mwaka: mimi nangoja 59. Garratt ya Afrika Mashariki, kichwa cha mvuke cha kundi la 59 la reli za kwetu. Mzee mmoja, mtu mwema kabisa, ndiye aliyenifundisha kuunga nyaya kwa risasi bila kuunguza vidole, akaweka biskuti yake mezani akasema, "Kichwa kizuri mno hicho. Lakini nani atakinunua?" Wakacheka. Kingekuwa kicheko cha dharau ningejua la kufanya. Kilikuwa cha huruma.

Nimelala na swali lile siku nne. Nalijibu hapa kwa sababu pale nilibaki kumeza chai.

Tuanze na hili neno "kipya". Flying Scotsman, kile kichwa maarufu cha mvuke cha Uingereza, ilijengwa Doncaster mwaka 1923. Kama treni ndogo ya OO, kipimo cha kawaida cha treni hizi hapa Uingereza, imekuwa ikiuzwa kwa jina la Hornby tangu 1968, enzi za Tri-ang Hornby, na tangu hapo imeondoka na kurudi, imeondoka na kurudi, namba hii, namba ile, leo na sauti ndani yake. Na kila inaporudi tunaipokea kwa vigelegele kama bwana harusi aliyeoa nyumba hiyo hiyo mara ya kumi na tano. Nzuri, sikatai. Lakini ukiniambia ni mpya, niache nicheke kidogo.

Na 59 wala si kitu cha mbali na wazee hawa. Ilizaliwa hapa hapa, Gorton, kwenye kiwanda cha Beyer, Peacock, safari fupi ya basi kutoka ukumbi tunaonywea chai. Zilijengwa 34, mwaka 1955 na 1956, zikapakiwa melini kwenda Mombasa. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252, kwenye reli ya upana wa mita moja tu! Hakuna kichwa cha mvuke cha reli ya mita kilichowahi kuizidi nguvu, popote duniani. Kazi yake ilikuwa kuchukua tani 1,200 pale Mombasa, usawa wa bahari, na kuzifikisha Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu. Kiwanda chenyewe kilifunga mwaka 1966. Wajukuu wa mafundi waliozijenga bado wanaishi mitaa ile, na nimekaa nao kwenye basi.

Halafu zikapewa majina ya milima. Zote 34. Mbili zimebaki kwenye makumbusho ya reli Nairobi: 5918 Mount Gelai, na 5930 Mount Shengena.

Shengena, jamani. Mimi ni Mpare. Shengena ndio mlima uliokuwa ukimeza jua nyumbani kwa bibi yangu Chome, mlima ambao nusu ya mwaka huuoni kwa ukungu. Mtu fulani ofisini kwa wakubwa wa reli aliifungua ramani, akaupitia Kilimanjaro, akaupitia Meru, akashuka mpaka kwetu, akaandika jina la mlima wetu kwa herufi za shaba akalibandika ubavuni mwa kichwa kikubwa kuliko vyote. Hata serikali haijawahi kutukumbuka hivyo.

Niliiona Voi, mwaka 1976. Nilikuwa na miaka sita. Tulitoka Same na mama, tukapitia Kahe na Taveta, tunakwenda kwa mjomba Mombasa, na Voi tukashuka usiku kusubiri treni nyingine. Mama kaketi juu ya gunia la tangawizi ili lisiibwe. Ardhi ndiyo iliyoanza, kabla ya mlio: changarawe zilikuwa zinarukaruka miguuni mwangu. Kisha taa. Kisha kitu ambacho sikuwa na jina lake, kina tangi kubwa mbele, birika katikati, tangi jingine nyuma, magurudumu yasiyohesabika, na bomba la moshi bapa kama sanduku limesimamishwa wima. Harufu ya mafuta mazito yaliyoungua. Joto lilinipiga usoni kama mtu kafungua mlango wa tanuri la mkate. Nikamuuliza mama, "Inakwenda mbele au inarudi nyuma?" Akasema, "Kaa chini, utaanguka relini."

Siwezi kuapa kuwa ilikuwa Shengena. Nilikuwa sijui kusoma. Mjomba aliapa kwa niaba yangu, lakini mjomba aliapa mambo mengi.

Mwaka uliofuata Jumuiya ikavunjika, mpaka ukafungwa, na safari ile haikurudiwa tena.

Nimeleta habari ya Voi kwa sababu. Biashara hii yote, katalogi zote, msisimko wote wa Januari, unauza kitu kimoja: ulichokiona ukiwa mtoto. Hakuna anayetoa zaidi ya pauni 200 kwa ajili ya plastiki na mota. Unanunua daraja ulilosimama na baba yako. Wauzaji wanalijua hili kuliko sisi. Basi tupige hesabu. Mvuke wa kawaida kwenye reli kuu za Uingereza ulikwisha Agosti 1968. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi siku ile leo anakaribia sabini, au ameshafika, na nyumba yake ina ngazi asizozipanda tena. Garratt za 59 ziliendelea kupanda kutoka Mombasa hadi karibu 1980. Mtoto aliyesimama Voi, Mtito Andei au Athi River na kinywa wazi sasa yuko kwenye miaka ya hamsini. Watoto wake wamemaliza shule. Ana mshahara, ana chumba kimoja kisicho na mtu, na anaanza kukumbuka mambo. Yuko Nairobi, yuko Leicester, yuko Toronto. Muhindi wa Mombasa ambaye baba yake alikuwa karani wa stesheni, Mluo ambaye babu yake alikuwa dereva, Mpare mwenye gunia la tangawizi. Nani atakinunua? Hao. Ni wateja wachanga kuliko wote waliokuwa ukumbini mwetu Alhamisi, na hakuna aliyewahi kuwabishia hodi.

Tena siwataki wazee wangu waniambie habari ya kumbukumbu, maana ushahidi umo kabatini mwao. Heljan, watengenezaji wa Denmark, walitoa kwa kipimo cha OO Garratt ya LMS, kampuni ya reli ya zamani ya Uingereza, na wenzangu watatu wanayo. Zile zilijengwa 33, moja pungufu ya zetu. Zilivuta makaa ya mawe, na kufikia 1958 zote zilikuwa zimekwisha kukatwa vyuma chakavu. Hakuna hata moja iliyobaki, hata ya kupigia picha. Waliowahi kuzipanda ni wangapi leo? Lakini zilipotangazwa hakuna aliyeweka biskuti mezani akauliza nani atanunua. Walinunua.

Kuna hoja ya fundi, ambayo huletwa kwa sauti ya chini kama daktari anayetoa majibu mabaya: "Tatizo ni upana wa reli." Ati reli ya mita moja haiingii kwenye mfumo wao. Ndugu zangu, OO yenyewe ni uongo tunaokubaliana! Vichwa viko kwenye kipimo cha 1 kwa 76, reli ni milimita 16.5. Zidisha, utapata reli ya sentimita 125 na ushei, wakati reli halisi ya Uingereza ni 143.5. Yaani tangu enzi za babu zao wanaendesha treni kwenye njia iliyopungua sentimita 18 na hawakosi usingizi. Sasa chukua reli ya milimita 12, ambayo Hornby wenyewe wanaiuza tangu walipoingia kwenye TT:120, kipimo kidogo zaidi, mwaka 2022, weka juu yake kichwa cha kipimo cha 1 kwa 87. Unapata reli ya mita moja na sentimita nne. Sentimita nne! Mtu anayesamehe kumi na nane akasusia nne, huyo ana jambo lake jingine.

Na urefu? Ndiyo, ni ndefu. Kwa kipimo hicho inakuja sentimita 36 na ushei. Lakini Garratt inakunjika sehemu mbili, ndiyo akili yenyewe aliyoipatia hataza Herbert Garratt mwaka 1907. Itapita kona ambayo Flying Scotsman itaishia ukutani.

Na kwa muuza duka: majina 34. Ukishakuwa na kalibu moja, unabadilisha kibao na namba tu, na kila mtu anataka mlima wake. Mchaga hatanunua Shengena hata umchinjie mbuzi. Atangoja wa kwake.

Haya, na mimi nikubali ya kukubaliwa. Kalibu za chuma za kumwagia plastiki ni ghali kupindukia, na mtu akiweka pesa hizo anataka kuziona zikirudi. Kwetu hakuna utamaduni wa kununua vitu hivi, Dar sijaona duka lake hata moja, na posta na ushuru vinaweza kuzidi bei ya kopo lenyewe. Mpwa wangu aliniambia kwa hela ya kichwa kimoja angelipa ada ya muhula mzima, na sikuwa na jibu. Bado sina.

Lakini asiniambie mtu kwamba watu wetu hawapendi treni. Safari za SGR za Dar na Morogoro zilipoanza 2024 watu walipanda bila shughuli yoyote Morogoro, wakageuza, wakarudi. Hao ni wenzetu. Hawajaambiwa tu kwamba ugonjwa wao una klabu.

Wengine watasema reli ile ilikuwa ya mkoloni. Ilikuwa yake, ndiyo. Ila magavana walipewa kundi la 60, na baada ya uhuru vibao vyao vikang'olewa. Milima haikuwa na kosa.

Kinachonikera, nikisema ukweli wangu wote, ni kwamba yule mzee hakukosea kuhusu wao. Wanaotangaza hawatuoni. Nimejaza fomu za maoni za kila aina, pale penye "ungependa tutoe kichwa gani" naandika 59, na kama kuna mahali pa kuandika namba naongeza 5930. Nimewaomba na binamu zangu wajaze, wawili hata hawajui Garratt ni kitu gani, wameandika "Garet". Nawapa heshima Bachmann, washindani wa Hornby, kwa jambo moja tu, kwamba siku hizi hutangaza kila robo mwaka vitu vinavyokaribia kufika, badala ya kutuuzia ndoto. Maana kuna duka, silitaji, lilipokea oda yangu ya kichwa fulani nikangoja miaka mitatu, na waliponipigia nilikuwa nimeshahama nyumba na kusahau rangi niliyochagua.

Chumba kidogo cha juu, kile ambacho binti yangu alikihama, nimejenga Voi. Ubao wa mita mbili na nusu. Jengo la stesheni ni la plaiwudi, paa nimelikunja kutoka kwenye kopo la maziwa, na udongo ni wa Voi kweli, mwekundu, niliubeba kwenye chupa ya maji nilipokwenda kumzika mjomba. Niliuchekecha kwa soksi ya mke wangu. Kando ya jukwaa kuna mwanamke wa kimo cha sentimita mbili, ameketi juu ya gunia.

Treni inayosimama hapo kwa sasa ni Flying Scotsman. Najua. Msiniambie.

Na jana usiku nimeagiza nyingine, namba tofauti, ya kijani. Mpare mzima, pauni mia mbili na kitu, kwa kichwa ambacho karibu ninacho. Wanasema itafika kabla ya Krismasi. Mke wangu bado hajajua.