Sahani ya wali wa tumbusi

Kwa vizazi vingi, kila siku kabla ya adhuhuri, kuhani wa hekalu la Vedagiriswarar, juu ya kilima cha Thirukalukundram kusini mwa India, alitenga wali wa samli na sukari, akawasubiri tumbusi wawili weupe. Waumini walisadiki ni watakatifu waliotoka kuoga mto Ganges. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ndege hao wakaacha kuja.

Wanaopinga kulisha wanyama wa porini wana hoja nzito. Lopburi, Thailand, kima wa hekalu la Prang Sam Yot walizoeshwa vyakula vya wageni, na tangu 1989 wakawa wanaandaliwa karamu kila mwaka. Wakawa wanyang'anyi, hadi mwaka 2024 serikali ikawakamata kwa wingi.

Ila kuihukumu Thirukalukundram kwa makosa ya Lopburi ni kuionea. Pale mkono ulikuwa wa kuhani peke yake, na wageni wenyewe wawili tu. Nao walikuwa tumbusi wa Misri, jamii ya ndege wanaokula mizoga, mayai, hata kinyesi. Wali wa samli haukuwa sumu kwao.

Sumu ilikuwa kwingine. Wafugaji waliwachoma ng'ombe sindano za diklofenaki, dawa ileile tunayomeza sisi kwa maumivu ya mgongo. Tumbusi aliyekula mzoga wenye dawa hiyo alikufa kwa figo kushindwa kazi. Chanzo kilijulikana mwaka 2004. India ikaipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006. Kati ya 1992 na 2007, tumbusi wa mgongo mweupe nchini humo walipungua kwa asilimia 99.9. Penye ndege elfu akabaki mmoja! Na hao hawakulishwa na hekalu lolote. Walijitafutia mizoga porini na vijijini, jinsi wakosoaji wanavyotaka, na mzoga ndio uliowaua.

Kosa la desturi ninaloliona mimi ni jingine: ndege wasipotokea, ilisemwa kuna mwenye dhambi kati ya watazamaji. Jibu hilo lilifunga mlango wa kuuliza wamepatwa na nini.

Leo huko Pithauli, Nepal, wanakijiji na wahifadhi hutunza ng'ombe wazee wasioguswa na diklofenaki. Wakifa, nyama yao huwekwa uwanjani, tumbusi washuke wale. Kazi hiyo inasifiwa kuwa uhifadhi, na ni haki isifiwe. Kuhani wa Thirukalukundram naye anastahili sehemu ya sifa hizo.