Mawakala wa Ardhi wa Malindi na Siasa: Anayesema kwa Niaba Yao Amechaguliwa na Nani?

Uchaguzi mkuu wa tarehe 10 Agosti 2027 unakaribia, na swali la zamani linawarudia mawakala na madalali wa ardhi wa Malindi: je, wajumuike chini ya chama kitakachoingia waziwazi katika siasa, kikiwashawishi wawakilishi wa wadi na hata kutangaza kinamuunga mkono mgombea gani, au wabaki na chama cha kusaidiana na kulinda nidhamu ya kazi, siasa wakiwaachia wanasiasa? Wengi hulijadili swali hili peke yake. Mimi naona haliwezi kutenganishwa na la pili, ambalo huzungumzwa kwa sauti ya chini zaidi: viongozi wa chama hicho watachaguliwa na nani, na kwa utaratibu gani? Mwenyekiti akishasimama mbele ya kamati ya Bunge la Kaunti na kusema "sisi wa sekta ya ardhi", hakuna atakayemuuliza ni wangapi waliompigia kura.

Hoja ya wanaotaka chama chenye sauti ya kisiasa ni nzito, nami naikubali kwa sehemu kubwa. Kazi ya uwakala hutegemea maamuzi ya serikali kuanzia siku ploti inapotangazwa hadi siku hati inapobadilishwa jina. Mnunuzi wa ploti ya mjini hulipa ushuru wa stempu wa asilimia 4 ya thamani yake, na mnunuzi wa shamba asilimia 2. Muuzaji naye, tangu Januari 2023, hutozwa asilimia 15 ya faida aliyoipata katika mauzo, ilhali hadi mwisho wa 2022 alikuwa akitozwa asilimia 5. Kodi hiyo ilipandishwa hadi mara tatu ya kiwango cha awali kwa Sheria ya Fedha ya 2022, na muuzaji wa Ganda au Mambrui aliyekuwa amekwisha kupatana bei na mteja ilimbidi apige hesabu upya. Kwa upande wa kaunti, ibara ya 209 ya Katiba huipa mamlaka ya kutoza reti, yaani kodi ya kaunti juu ya ardhi na majengo, na Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 huiwezesha kuamua eneo lipi ni la makazi, lipi la hoteli, na jengo gani lipewe idhini au linyimwe. Mtu anayeishi kwa kamisheni ya mauzo hana namna ya kujitenga na mambo haya, hata akijiita si mwanasiasa.

Kisha kuna bahati ya mahali. Makao ya serikali ya kaunti yako mjini Kilifi, lakini Bunge la Kaunti liko hapa Malindi, na ibara ya 196 ya Katiba inalilazimu kuwashirikisha wananchi katika kazi yake ya kutunga sheria. Mwenye hoja kuhusu mswada wa fedha wa kaunti hahitaji nauli ya kwenda Nairobi. Anachohitaji ni kuusoma mswada mapema, kuandika maoni yenye hesabu na mifano, na kuyawasilisha kabla siku hazijapita. Dalali mmoja, anayeshinda juani akiwaonyesha watu mipaka ya ploti, hana nafasi ya kazi hiyo. Chama chenye katibu na wakili wa kukishauri kinaiweza. Ukiniuliza kama chama kinapaswa kufanya utetezi wa aina hii, nitasema kinapaswa, na kisipoufanya kimekula ada za wanachama bure.

Upande wa pili unaanza na historia, na hapo ndipo penye uzito kuliko kwingine kokote. Ardhi ya mwambao haikufika mikononi mwa wanaoiuza leo kwa njia iliyonyooka. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka wenye madai ndani ya ukanda wa maili kumi, uliokuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, wayawasilishe ili wapewe vyeti, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Waliojua utaratibu na kuwa karibu na ofisi walipata hati. Familia nyingi za Kimijikenda zilizokuwa zikilima na kuzika wazee wao katika mashamba hayohayo hazikupata. Wajukuu wao ndio wanaoitwa maskwota. Katika mitaa ya zamani kuna pia mtindo wa nyumba bila ardhi, ambapo mtu ana nyumba aliyoijenga au kuirithi, lakini humlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja ilipokaa. Nyumba kama hiyo huuzwa, hurithishwa na hugombewa, na hati ya ardhi iliyo chini yake ina jina la mtu mwingine.

Sasa chama cha mawakala kikisimama mbele ya serikali na kusema kinatetea haki ya mali, je, ni mali ya nani? Kamisheni hutoka kwa mwenye hati anayeuza. Skwota hana cha kumlipa wakala, na mwenye nyumba bila ardhi hulipa kidogo mno. Kwa hiyo hata bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya, chama kitavutwa upande wenye hati: kitaomba amri za kuwaondoa watu mashambani zitekelezwe haraka, kitalalamikia skimu za makazi, yaani mipango ya serikali ya kuwagawia maskwota ardhi, zinazochelewesha mauzo, na kitanyamaza pale shamba lilipo na makaburi ya watu ambao majina yao hayamo katika rejista ya ardhi. Wanaotaka chama kikae nje ya siasa wanahofia jambo hili, na hofu yao ina msingi. Mwenye ekari mia tayari ana wakili. Akiongezewa chama cha kumsemea, aliye upande wa pili wa ua anabaki na chifu na dua.

Mfano wa karibu ni kesi ya ploti ya ufuoni Nyali, Mombasa, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu mwezi Aprili 2023, kati ya kampuni ya Dina Management na Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Kaunti ilikuwa imebomoa ukuta ili kufungua njia ya umma ya kwenda baharini, na kampuni ikajitetea kwamba ilinunua kwa nia njema na hati ilikuwa mkononi. Mahakama ilisema ardhi hiyo ilitolewa tangu mwanzo kinyume cha utaratibu, na nia njema ya mnunuzi wa baadaye haikuweza kuisafisha. Septemba mwaka huohuo, katika kesi ya Torino Enterprises, mahakama hiyohiyo ikaamua kwamba barua ya mgao, yaani ile ya serikali ya kumgawia mtu ardhi, peke yake haimpi umiliki.

Chama cha mawakala kinaweza kuzipokea hukumu hizi kwa namna mbili zinazopingana. Kinaweza kuwashawishi wabunge wapitishe sheria ya kumlinda mnunuzi hata pale hati ilipozaliwa vibaya. Kinaweza pia kudai kwamba historia ya kila hati iwe wazi, ili mnunuzi wa Casuarina au Mayungu aijue kabla ya kutoa pesa, na kwamba njia za wavuvi za kwenda pwani zichorwe kwenye ramani kabla ukuta haujajengwa. Yote mawili ni utetezi wa kisiasa. La kwanza linawafaa waliokwisha kuuza na waliokwisha kununua. La pili linamfaa mnunuzi ajaye na mvuvi pia. Chama kitashika lipi, hilo linategemea nani amekaa kwenye kiti.

Kumuunga mkono mgombea ni jambo jingine, na hapo nasimama na wanaokataa. Najua hoja ya wanaotaka: mwanasiasa humsikiliza aliyemsaidia wakati wa shida, na anayesubiri matokeo ndipo apeleke pongezi hukuta foleni. Lakini Sheria ya Ufadhili wa Kampeni, iliyopitishwa 2013, haikutumika kudhibiti matumizi ya wagombea mwaka 2017 wala 2022, kwa hiyo mchango wa chama hauna ukomo wala daftari la wazi. Tena wateja wa ufuoni, kuanzia Watamu hadi Mambrui, wengi ni wageni, ambao ibara ya 65 ya Katiba inawaruhusu kukodi ardhi kwa miaka isiyozidi 99 bila kuimiliki moja kwa moja, na kampuni yenye hata mwanahisa mmoja asiye raia huhesabiwa kuwa mgeni. Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone, na mji huu umepona kwa pesa za Waitaliano katika misimu mingi. Pesa hizo zikipitia mfuko wa chama hadi kwenye kampeni ya ugavana, hata kwa nia safi, chama kitakuwa kimewafungulia wasio na kura mlango ambao mwenyeji hajui upo.

Wanaopenda kutolea mfano Marekani wautolee wote. Chama chao cha mawakala wa nyumba na ardhi, National Association of Realtors, kilianzishwa Chicago mwaka 1908, mwaka uleule wa sheria ya hati huku kwetu. Mwaka 1969 kilianzisha mfuko wa kisiasa ambao mwanachama huuchangia kwa hiari, mbali na ada yake ya kawaida. Utengano huo naupenda, maana asiyemtaka mgombea fulani halazimiki kumlipia. Lakini ni chama hichohicho ambacho Oktoba 2023 jopo la raia katika mahakama ya Missouri lilikiona na hatia ya kushiriki njama ya kuweka kamisheni juu, na Machi 2024 kikakubali kulipa dola milioni 418 na kubadilisha kanuni zake. Kilikuwa na nguvu kubwa Washington muda wote huo, na waliokishtaki walikuwa wauzaji wa nyumba, watu ambao wanachama wake walikuwa wakiwahudumia.

Nirudi kwenye kura za ndani, maana hapo ndipo chama hujengwa au huvunjwa. Sheria ya Mawakala wa Mali, Sura ya 533, hairuhusu mtu kufanya kazi hii bila kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Mawakala. Mtaani hali ni nyingine. Dalali wa Barani au Muyeye anayejua kila shamba, nani alizikwa wapi na ndugu gani hawajaelewana, mara nyingi hana cheti chochote. Kura zikiachiwa waliosajiliwa peke yao, watu wachache, baadhi yao wenye ofisi Mombasa au Nairobi, watawachagulia wengine kiongozi. Zikifunguliwa kwa kila anayejiita dalali, mwenye pesa atajaza ukumbi. Niliwahi kukaa katika mkutano mkuu wa chama kimoja cha wafanyabiashara. Rejista iliposomwa, majina mengi yalikuwa ya watu waliolipiwa ada asubuhi ile, risiti zao zikifuatana namba kwa namba. Kura zikapigwa kwa kunyoosha mikono, na watu waliokijenga chama kile kwa miaka wakashindwa kabla ya adhuhuri. Sijasahau nyuso zao.

Wapo wazee wanaopendelea viti vigawanywe kwa kuelewana. Nawaelewa, kwa sababu kazi hii hufanywa na Waswahili, Wagiriama, Wabajuni na watu wa bara, na kuhesabu mikono kunaweza kugeuka kuwa kuhesabu makabila. Lakini aliyepewa kiti na wazee barazani huwajibika kwa wazee, na vijana na wanawake wa kazi hii hubaki wasikilizaji. Ningependelea wajumbe wa maeneo wapatikane kwa kuelewana, ilhali mwenyekiti, katibu na mweka hazina wapigiwe kura ya siri na wanachama ambao wamekuwa katika rejista kwa mwaka mzima na wametia sahihi kanuni za maadili. Dalali asiye na cheti apewe muda huo wa mwaka na msaada wa kujisajili, kuliko kufungiwa nje.

Sheria ya Vyama, Sura ya 108, inataka mkutano mkuu angalau mara moja kwa mwaka, na hesabu za fedha zisomwe humo. Pia inampa Msajili wa Vyama uwezo wa kukitaka chama chenye mgogoro wa viongozi kimletee ushahidi, ndani ya mwezi mmoja, kwamba mgogoro umekwisha au hatua za kuutatua zimefunguliwa; kikishindwa, anaweza kufuta usajili wake. Uchaguzi uliovurugwa kwa hiyo unaweza kukiondoa chama chote kwenye orodha, pamoja na utetezi wake wa reti na kodi. Ndiyo maana uchaguzi wa chama usifanyike katika miezi sita ya mwisho kabla ya uchaguzi mkuu, na mwenyekiti mwenye nia ya kugombea uwakilishi wa wadi au ubunge ajiuzulu kabla ya kutangaza nia hiyo, asisubiri tiketi kwanza. Na katika kamati itakayoandika maoni ya chama kuhusu maskwota na nyumba bila ardhi, kila mjumbe atangaze kwa maandishi, kabla hajasema neno, ni ploti zipi za eneo hilo alizokabidhiwa kuuza.