Bosi kafuta kuki, kitufe bado kijani

Bosi alitaka kitufe cha "Jiunge" kitoke kijani kiwe bluu. Mstari mmoja tu kwenye CSS (faili linalopanga rangi na mwonekano wa tovuti), nikabadilisha, nikapandisha kwenye seva, kwangu bluu safi kabisa. Kesho yake tuko kwenye kikao, projekta inawaka, wateja wamekaa, bosi anafungua tovuti kwenye laptop yake... kijani.

Nikamwambia mzee hiyo ni kache, brauza imeng'ang'ania faili la zamani, bonyeza Ctrl, Shift na R. Wapi! Mpwa wake alishamwambia dawa ya kila kitu kwenye intaneti ni kufuta kuki (vijifaili ambavyo tovuti huacha kwenye brauza ili ikukumbuke), na bosi akishapata dawa yake haambiliki. Akaingia kwenye seting, akachagua "muda wote", sasa pale kuna viboksi, kimoja cha kuki, kingine cha picha na faili za kache, yeye hicho cha kache akakitoa tiki eti "picha zangu za familia zisije zikapotea". Yaani mwenye kosa kaokolewa, kuki zisizo na hatia zimeenda zote. (Kuki na CSS zote zilianza 1994 lakini ni kama wapangaji wa nyumba moja wasiosalimiana, ukimchapa huyu yule hata hageuki.)

Akarifreshi. Sasa hata hicho kijani hatukioni, limeibuka bango la kuomba ruhusa ya kuki, maana kumbukumbu ya kwamba alishakubali nayo ilikuwa kuki, imefutwa pamoja na wenzake. Bango lenyewe alilitengeneza jamaa aliyekuwepo kabla yangu, position fixed lisisogee, z-index 999999 likae juu ya kila kitu, urefu kaugandisha pikseli 700, halafu body kaipiga overflow hidden ili mtu asiskroli mpaka akubali. Na bosi kwa macho yake anakuza kila kitu asilimia 175, kwa hiyo kitufe cha Kubali kimezama chini ya skrini huko. Anaskroli, haiendi. Anatafuta X, hakuna X. Mteja mmoja akauliza kwa upole, "Ndiyo tovuti yenyewe hii?"

Nikamnong'oneza, "Mzee, Ctrl na kutoa."

"Utoke uende wapi? Kaa hapo!"

Basi nikanyoosha mkono nikabonyeza mwenyewe, kila kitu kikasinyaa, Kubali ikaonekana, bango likaondoka, na kitufe chetu kile pale, kijani vilevile.

Nikavuta laptop yangu, kwenye HTML, yaani ukurasa wenyewe, mwishoni mwa jina la faili style.css nikaongeza ?v=2, brauza ikadhani ni faili jipya, bosi akarifreshi, bluu! Watu wakapiga makofi jamani. Bosi kifua mbele, "Sasa nawatumia mkataba kwa imeili."

Kufungua imeili, inamtaka aingie upya. Nenosiri halijui, tangu laptop inunuliwe ilikuwa inafunguka tu. Akaomba namba ya uthibitisho, imetumwa kwenye imeili yake ya pili. Ya pili nayo imemtoa, akaomba namba, ikatumwa kwenye ile ya kwanza.

Akanigeukia taratibu, "Kijana, hizo kuki zinarudishwaje?"